Sura ya Sita: Heshima Isiyolisha

Kazi ya kibarua katika mashamba ya Isingiro hugawanywa mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Mwenye shamba la migomba, au msimamizi wake, hufika kwa pikipiki kwenye maduka ya Rugaaga au kwenye njia panda inayotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Watu wamekwisha kusimama, majembe begani, panga mkononi, wengine na chupa ya maji na viazi vya kuchemsha ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki. Hakuna anayeulizwa amelima wapi wala kwa miaka mingapi. Msimamizi anatazama mabega, miguu na nywele. "Wewe. Wewe. Na wewe." Akimfikia mwenye mvi, sauti hushuka na kuwa ya upole: "Mzee, wewe pumzika. Leo tunataka vijana."

Maneno hayo hayana tusi ndani yake. Mara nyingi anayeyasema anayamaanisha. Amelelewa kumwamkia mzee, kumpisha kwenye kiti, kumpokea mzigo njiani. Lakini mzee aliyeambiwa apumzike hakuja kutafuta mapumziko. Nyumbani kuna wajukuu, kuna daftari za shule, kuna deni la unga dukani. Anarudi na jembe ambalo halijagusa udongo, na hana hata pa kulalamikia, maana atamshitakije mtu aliyemheshimu?

Sura hii ni ya mtu huyo: mfanyakazi wa mikono aliyevuka miaka 50, anayetafuta kazi Rugaaga, Nakivale au Mbarara mjini, na anayekataliwa kwa adabu. Ninachotaka kukionyesha ni kimoja. Mtu huyu hakosi thamani kazini. Anakosa kazi kwa sababu tumezoea kununua kasi ya mwili peke yake, na kile kingine anachokuja nacho hatujakiwekea bei.

Kwa nini mzee bado anashika jembe

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Ilianzishwa mwaka 1958, na tangu 1959 ikawapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baada yao wakaja watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Leo eneo hilo la takribani kilomita za mraba 185, lenye kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, linabeba watu zaidi ya 150,000. Rugaaga ni jirani yake, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Isingiro, ambayo hadi 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara. Mbarara yenyewe ikawa jiji Julai 2020, na kila anayetafuta kazi ya ujenzi, ya kupakia maziwa au ya kushusha matoke huielekea.

Uganda imewapa wakimbizi mambo ambayo nchi nyingi zimewanyima. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na sera ya nchi imekuwa kuwapa kipande cha ardhi walime. Mpango huu umewafaa watu wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipochapisha mwaka 2014 ripoti yao kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, Nakivale ikiwemo, walikuta kwamba katika makazi ya vijijini ni kama mtu 1 tu kati ya 100 asiyekuwa na njia yoyote ya kujipatia kipato nje ya msaada. Yaani wale wanaodhaniwa kuketi wakingoja mgao, karibu wote wanafanya kazi.

Lakini ardhi haikui. Kadiri watu walivyoongezeka, viwanja vilivyogawiwa vikazidi kuwa vidogo, na aliyefika baadaye akapata pa kujenga na bustani ya maharage, basi. Mgao wa chakula nao ukapungua: mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliukata kwa asilimia 30, mwaka 2021 punguzo likafika asilimia 40, na katikati ya 2023 wakimbizi wakagawanywa kwa makundi kulingana na hali ya kaya, wengine wakapungukiwa zaidi na wengine wakaondolewa kabisa. Kila punguzo la aina hiyo humsukuma mtu mzima nje ya mlango wake kwenda kutafuta kibarua.

Tazama hesabu ya miaka. Aliyekimbia mapigano ya Rutshuru, Kongo, mwaka 2008 akiwa na miaka 42 sasa yuko mlangoni mwa uzee wa kisheria, maana Uganda humhesabu mtu kuwa mzee akifika 60. Alipofika alikuwa mtu wa kubeba gunia. Alilima, alichoma matofali, alijenga nyumba za wengine, akasomesha alioweza kuwasomesha. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hulipa mafao mtu akifika miaka 55, kutokana na michango ya mwajiri ya asilimia 10 na ya mfanyakazi ya asilimia 5. Lakini nani aliwahi kumwandikisha kibarua wa siku moja? Ruzuku ya serikali kwa wazee, ile inayojulikana kama SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima mwaka 2021 ililenga raia waliofika miaka 80. Raia wa Rugaaga mwenye miaka 62 aliyeishi kwa jembe hayumo. Mkimbizi hayumo kwa umri wowote ule.

Kwa hiyo anayeambiwa "pumzika" hana kitu cha kumpumzisha. Kati ya siku nguvu zilipoanza kupungua na siku msaada utakapokuja, kama utakuja, kuna miaka 20 au 30 ya kula kwa jasho. Hapo ndipo alipo.

Jicho linavyopima

Ni rahisi kumwita msimamizi wa alfajiri mtu mbaya. Haitusaidii. Afadhali tuelewe anapima nini.

Jambo la kwanza ni ngwe. Shambani mtu hupimiwa kipande, akikimaliza analipwa, mara nyingi shilingi 5,000, wakati mwingine pungufu. Kijana anaweza kumaliza ngwe yake saa nne asubuhi akaenda kuchukua nyingine kwa jirani. Mzee atamaliza saa sita. Kwa malipo ya ngwe, mwenye shamba hapotezi hata senti moja: amelipa kipande, amepata kipande. Hata hivyo humchagua kijana, kwa kuwa anataka kufunga shughuli mapema aende Mbarara, na kwa kuwa jicho lake limekwisha kuamua kwamba aliye mwepesi ndiye bora. Malipo yanayopaswa kuwa ya haki kwa kila umri yanageuka mbio, na mbio zina mshindi anayejulikana mapema.

Jambo la pili ni heshima yenyewe. Msimamizi mwenye miaka 26 anajua namna ya kumkemea kijana mwenzake: "Harakisha, wewe!" Atamwambiaje hivyo mtu wa rika la baba yake? Akimwona mzee amebeba karai la zege ngazini, anaona aibu mbele za watu. Akikosea, ataona taabu kumrekebisha. Basi anachagua njia iliyo nyepesi kwake, anamwacha nje. Jamii zetu husema penye wazee haliharibiki neno, na tunawaita kwenye vikao vya posa, vya mirathi na vya kupatanisha ndugu. Kwenye jengo tunawaambia wakae pembeni. Tumempa mzee heshima ya barazani na kumnyima ya kazini, ilhali ya kazini ndiyo inayoleta unga.

La tatu ni karatasi. Wengi waliozaliwa vijijini Kivu, Burundi au Ankole ya zamani hawakuandikwa popote siku ya kuzaliwa. Mkimbizi anapoandikishwa bila hati, tarehe yake hukadiriwa, na ndiyo maana vitambulisho vingi vinasema Januari 1. Mwaka ulioandikwa kwa kukisia humfuata mtu maisha yake yote. Kiwanda au kampuni ya ujenzi mjini Mbarara ikiomba kitambulisho, anayesoma huona namba, na namba ile humaliza mazungumzo kabla mtu hajasema anajua nini.

Mwanamke hupita katika milango hiyohiyo akiwa na mizigo zaidi. Mjane mwenye miaka 55 anayelea wajukuu hutafuta kazi ya kupalilia, kupepeta maharage, kufua nguo za watu. Yeye huambiwa amechoka hata kabla ya kufikia umri wa mwanamume anayeambiwa hivyo, na kazi anazopewa ndizo zinazolipa kidogo.

Umri unachukua nini, unaacha nini

Tuseme ukweli wa mwili bila kuuficha. Nguvu za misuli hufika kilele katika miaka ya ishirini na thelathini, zikaanza kushuka polepole, na baada ya 50 kushuka kunaonekana. Pumzi nayo hupungua. Macho ya karibu hufifia katika miaka ya arobaini. Aliyebeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kwa miaka mingi ana mgongo na magoti yanayomkumbusha kila mvua inaponyesha. Anayesema mzee wa 60 anaweza kushindana na kijana wa 22 kwa kupandisha matofali ghorofani hamtetei mzee, anamuumiza.

Lakini kazi ya mikono ni zaidi ya kubeba. Ujerumani wamelichunguza jambo hili kwa makini kwa sababu wafanyakazi wao wanazeeka kwa wingi. Wanauchumi Axel Börsch-Supan na Matthias Weiss waliwafuatilia wafanyakazi wa kuunganisha malori katika kiwanda cha Mercedes, wakahesabu makosa yaliyofanyika na uzito wa kila kosa. Waligundua kwamba tija haikushuka hadi umri wa miaka 60. Wakubwa walifanya makosa madogo zaidi kidogo, lakini makosa makubwa, yale ya hasara kubwa, hawakuyafanya kwa urahisi. Jambo likienda kombo ghafla, waliokwisha kuliona mara nyingi walijua la kufanya.

Mwaka 2007 kampuni ya BMW nayo ilifanya jaribio katika kiwanda chake cha Dingolfing. Ilipanga mstari mmoja wa kazi uwe na watu ambao wastani wa umri wao ni miaka 47, ikawauliza wao wenyewe nini kinawaumiza. Majibu yakazaa mabadiliko 70 madogo madogo: sakafu ya mbao badala ya saruji, viatu vinavyofaa, viti vya kukalia kwa muda, lenzi ya kukuzia vitu vidogo, kubadilishana kazi ndani ya siku ili kiungo kimoja kisichoke peke yake. Gharama yote ilikuwa kama euro 40,000, pamoja na saa za watu waliojadiliana. Ndani ya mwaka mmoja tija ilipanda kwa asilimia 7.

Rugaaga si Dingolfing. Hakuna atakayeweka sakafu ya mbao kwenye shamba la matoke. Ila funzo linasafiri: waliubadilisha mpango wa kazi, watu wakabaki walewale, na kazi ikawa bora. Mpini wa jembe uliorefushwa ili mtu asiiname sana, maji ya kunywa yaliyowekwa karibu, mfuko wa saruji unaogawanywa mara mbili kabla ya kubebwa, hayo hayahitaji euro.

Mgomba na kona ya ukuta

Twende shambani tuone ujuzi unakaa wapi.

Isingiro inaishi kwa matoke. Adui mkubwa wa zao hilo ni mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na baada ya miaka michache ukavuka hadi Kagera, Tanzania. Mgomba ulioshikwa huanza kunyauka majani yakigeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, ukizikata unakuta doa la kahawia ndani, na shina likikatwa hutoa uteute wa njano. Hakuna dawa ya kuuponya. Kinachouzuia ni mikono inayojua. Ua dume, ile tumba inayoning'inia chini ya mkungu, liondolewe mapema mara chane ya mwisho inapotokea, maana wadudu wanaotua hapo ndio wanaobeba ugonjwa. Liondolewe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa panga. Panga lililogusa mgomba mmoja lipitishwe motoni au lioshwe kwa jiki kabla ya kugusa mwingine. Shina linaloumwa litolewe upesi, kabla halijawaambukiza wenzake.

Kazi hii haitaki mabega. Inataka jicho, subira na mtu asiyependa mkato. Kijana anayekimbiza ngwe atapita na panga moja mstari mzima, akate majani makavu ya migomba 100 kabla ya saa tatu, na kama wa tatu ulikuwa na ugonjwa, ameupeleka kwa 97. Mwenye shamba amefurahia kasi ile asubuhi, na baada ya miezi kadhaa anang'oa shamba. Mzee wa polepole aliyesimama, akaligeuza jani, akalichunguza, akapitisha panga motoni, ameokoa mali kuliko ujira wake wa mwaka. Hakuna aliyeiandika faida hiyo, kwa kuwa hasara iliyozuiwa haionekani kwa macho.

Sasa twende Mbarara, kwenye nyumba inayojengwa Kakoba au Nyamitanga. Mafundi wa ukuta wanajua kwamba kazi yote inategemea kona. Aliyeaminiwa huanza na kona: anaweka tofali la kwanza, anashusha timazi, anaweka pima maji, anapanda kozi tatu au nne kwenye kila pembe. Kisha uzi unavutwa kutoka kona hadi kona, na wengine wanajaza katikati wakifuata uzi. Kona ikipotoka kwa upana wa kidole, ukuta wote unapotoka nayo; mlango hautafunga, bati litakaa upande. Huyohuyo ndiye anayejua kulowesha matofali ya kuchoma yasinyonye maji ya udongo wa saruji, na ndiye anayemzuia mwenye nyumba asiache kumwagilia zege siku za mwanzo ili lisipasuke.

Kona haibebwi begani. Hata hivyo, msimamizi anapochagua watu getini kwa kutazama miili, mtu wa kona na mtu wa karai wanapimwa kwa kipimo kimoja, na mtu wa kona anaachwa nje.

Sheria inasema nini

Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 21, inakataza ubaguzi wa jinsia, rangi, kabila, kuzaliwa, dini, hali ya kijamii au ya uchumi, siasa na ulemavu. Umri haumo katika orodha hiyo. Ibara ya 32 inautaja, ikiitaka serikali ichukue hatua za kuwainua walioachwa nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu au mila. Sheria ya Ajira ya 2006, ambayo ndiyo inayomgusa mwajiri moja kwa moja, inataja rangi, jinsia, dini, siasa, asili, hali ya virusi vya Ukimwi na ulemavu. Hapo tena umri hautajwi. Sheria ya Tume ya Fursa Sawa ya 2007 ndiyo inayouingiza umri wazi katika maana ya ubaguzi, na tume hiyo hupokea malalamiko.

Linganisha na majirani. Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, imeutaja umri miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Kenya imeutaja ndani ya Katiba yake ya 2010, ibara ya 27. Marekani ina sheria ya peke yake tangu 1967 inayowalinda wafanyakazi kuanzia miaka 40. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, haukuutaja umri, lakini shirika hilohilo lilitoa pendekezo namba 162 mwaka 1980 kwa ajili ya wafanyakazi wakubwa kiumri. Uganda ikiuongeza umri katika Sheria ya Ajira haitakuwa inaanzisha kitu kigeni.

Nani atasimama mbele ya afisa kazi wa wilaya aseme, "Nilisimama njia panda, hawakuninyooshea kidole"? Kwa kibarua wa alfajiri sheria ya kuajiriwa ni ngumu kuitumia. Lakini mara mtu anapoanza kazi, zipo haki zisizouliza umri wala uraia. Kanuni za Ajira za 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi minne mfululizo. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri amlipe aliyeumia kazini. Mzee anayejua haya na kuweka daftari lenye tarehe, kazi na malipo ya kila siku, na sahihi ya msimamizi akiipata, ana kitu cha kumwonyesha afisa kazi.

Kuhusu ujira, asitegemee sheria. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijawahi kubadilishwa na kingine. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Bei ya kazi Rugaaga inapatikana kwa maelewano, na anayeelewana vizuri ni yule anayejua anauza nini.

Namna ya kuuza ujuzi

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mzee anayetafuta kazi: usiweke siku zako zote kwenye foleni ya alfajiri. Pale soko linanunua miili. Mfuate mwenye shamba jioni, watu wakiwa wameondoka na ana nafasi ya kusikiliza. Usianze na shida zako wala umri wako. Anza na shamba lake. "Bosi, migomba yako ya kule bondeni ina maua dume ambayo hayajaondolewa, na nimeona miwili majani yanalegea. Nipe nusu ekari niihudumie mwezi huu, ukague mwenyewe." Mtu anayezungumza hivi hajaomba huruma. Ameonyesha hasara na tiba yake.

Pili, uza kazi nzima kuliko siku. Choo cha shimo, jiko la nje, ukuta wa bustani, ekari ya migomba kwa mwezi: hizo zina mwanzo na mwisho, na mteja hulipia kilichosimama. Hahesabu umekaa mara ngapi kunywa maji.

Tatu, fanya jozi na kijana. Wewe shika kona, yeye abebe. Wewe chunguza mgomba, yeye ang'oe kisiki. Kubalianeni mgawanyo wa pesa kabla ya kazi kuanza, mbele ya shahidi, na fungu lake lisiwe dogo kiasi cha kumkatisha tamaa. Kijana anapata ufundi ambao angelipia ada chuoni, nawe unapata magoti ya kukopa. Jozi hiyo pia inamwondolea msimamizi aibu yake, kwa sababu yule anayemtuma huku na huku ni kijana, na wewe anakuuliza ushauri.

Nne, beba ushahidi. Piga picha za kuta ulizojenga, weka namba za simu za wateja waliokubali kukusemea. Uganda, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008, ilianzisha kitabu cha mfanyakazi kiitwacho Worker's PAS, kinachotambua ujuzi uliopatikana kwa kufanya, bila cheti cha shule. Mtu hupimwa kwa vitendo, kipengele kimoja baada ya kingine. Bodi zinazosimamia upimaji zimekuwa zikipangwa upya, basi uliza kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu nani anapima sasa na kwa ada gani. Kwa fundi wa Kivu ambaye karatasi zake zilibaki katika nyumba iliyoungua, kitabu hicho kinaweza kusema pale ambapo mvi zinamnyamazisha.

Tano, jifunze lugha ya kazi. Kiswahili kinatosha Nakivale. Rugaaga na Mbarara mwenye shamba huwaza kwa Kinyankore. Huhitaji kuhutubia. Unahitaji majina ya zana, hesabu, magonjwa ya migomba, na salamu inayomfanya mtu asimame. Baraza la Wakimbizi la Finland limekuwa likiendesha madarasa ya watu wazima Nakivale, na kukaa darasani na miaka 58 si aibu kwa mtu aliyekuja kutafuta riziki.

Kwa mashirika na ofisi zinazopanga miradi ya kazi katika makazi, nina ombi la wazi. Miradi mingi imetengwa kwa vijana. Hata mpango wa serikali wa kuwakwamua vijana kimaisha, ulioanza katika mwaka wa fedha 2013/14, uliweka mpaka wa miaka 18 hadi 30. Kijana anastahili nafasi hiyo, katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 20. Lakini mradi wa kuchimba mitaro una kazi ya kupima mteremko, kutunza zana, kuandika mahudhurio, kuwafundisha wapya. Kazi hizo zitengewe waliovuka 50, ziandikwe kwenye tangazo, zisiachwe kwa hiari ya anayenyoosha kidole.

Na kwa mwajiri, ambaye pengine ndiye mwenye shamba anayesoma haya: hakuna anayekutaka umwajiri mzee kwa huruma. Bunge linaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuutaja umri katika Sheria ya Ajira, na linapaswa kuharakishwa; wewe huhitaji kulingoja. Gawa kazi ya kesho mara mbili kabla hujatoka nyumbani, ile inayotaka nguvu na ile inayotaka jicho, na uje umejua unahitaji wangapi wa kila aina. Kisha, badala ya kumwambia mwenye mvi apumzike, muulize amewahi kufanya nini, umsikilize hadi amalize, halafu umlipe kwa kile anachokijua. Hiyo ndiyo heshima anayoweza kuipeleka nyumbani ikapikwa.